Kufunga, Kukinga na Ardhi: Uhakiki wa Lugha ya Nyaya za Pikipiki

Maandishi mengi yanayoletwa katika dawati letu la istilahi ili yasomwe kabla ya kupigwa chapa huhusu sheria, utawala, afya na kilimo. Ni nadra kupokea maandishi yahusuyo kazi ya mikono. Kwa sababu hiyo tuliipokea kwa furaha rasimu ya kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, chenye kumwelekeza fundi mwanafunzi jinsi ya kupanga upya nyaya za umeme za pikipiki ya zamani na kuzihifadhi zisiharibiwe na mvua, vumbi na jua. Hatutamtaja mfasiri wala asasi iliyomtuma, kwani nia ya uhakiki huu si kumfedhehesha mtu. Nia yetu ni kuonyesha kwamba katika ufundi istilahi mbovu haiishii kumkwaza msomaji. Humuunguzia waya, na pengine pikipiki nzima.

Rasimu hiyo tuliisoma mara mbili. Mara ya kwanza tuliisoma mezani, kamusi zikiwa mkononi, tukaona kwamba ina makosa machache yanayoweza kurekebishwa kwa kalamu nyekundu katika asubuhi moja. Mara ya pili tuliisoma kwa sauti katika karakana iliyo chini ya mwembe, mbele ya fundi mmoja wa makamo na vijana wake wawili, pikipiki ikiwa imekwisha kuvuliwa tangi na kiti. Huko tuliona mambo ambayo kalamu nyekundu haikuyaona. Tofauti ya usomaji wa kwanza na wa pili ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Haifai kudhani kwamba jambo lenyewe ni dogo. Pikipiki aina ya Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na zile za mwanzo zilitumia umeme wa volti 6. Pikipiki nyingi zilizotengenezwa China, ambazo leo hubeba abiria katika miji na vijiji vyetu, zina injini zilizofuata muundo huo huo. Chombo cha namna hiyo kikiisha kupita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne, nyaya zake huwa zimeongezwa, zimekatwa na kuungwa tena. Huyu aliongeza honi, yule taa ya ziada, mwingine chaja ya simu. Ukiondoa tangi unakuta nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo jua limeigeuza gundi. Mtu anayeandika mwongozo wa kazi hiyo kwa Kiswahili anafanya kazi ya maana, na anastahili kusomwa kwa makini.

Sifa za rasimu

Kwanza tutoe haki panapostahili. Mfasiri ni mjuzi wa Kiswahili. Kwa tendo la kuondoa ganda la waya bila kukata nyuzi za shaba zilizomo ndani ametumia kitenzi "kuchubua", ambacho kila mtu anakielewa na kinaonyesha wazi kwamba ngozi hutoka na nyama hubaki. Ganda lenyewe ameliita "kihami", kama wafanyavyo walimu wa fizikia. Ametumia "mkondo" kwa umeme unaopita. Aidha, hakuona haja ya kubuni neno jipya badala ya "fyuzi", "betri", "swichi" au "koili". Hapo amefuata kanuni njema: neno lililokwisha kukaa kinywani mwa watumiaji haliondolewi bila sababu.

Upungufu wa rasimu hautokani na uchache wa maneno. Unatokana na maneno ya kawaida kabisa ya Kiswahili, ambayo mfasiri ameyapa maana ya lugha nyingine huku maana yake ya nyumbani ikiendelea kuishi. Hayo ndiyo maneno ya hatari, kwa kuwa msomaji hayaulizi. Huyaamini.

Kufunga na kufungua

Rasimu inaanza kwa tahadhari kwamba, kabla ya kugusa waya wowote, mtu ahakikishe saketi i wazi. Kwa mwalimu wa fizikia agizo hilo halina kasoro. Saketi iliyo wazi ni ile ambayo njia ya mkondo imekatika, na iliyofungwa ni ile ambayo mkondo unazunguka bila kizuizi. Lakini Kiswahili cha kila siku kimekwenda kinyume cha hapo. Bomba likifunguliwa maji hutoka, likifungwa hukoma. Redio ikifunguliwa huimba, ikifungwa hunyamaza. Kwa msemaji wa kawaida kilicho wazi ndicho kinachopitisha, na kilichofungwa ndicho kinachozuia.

Tuliposoma agizo hilo pale karakanani, kijana mmoja aliinuka, akatia ufunguo katika swichi na kuuzungusha mpaka taa ya kijani ya nyutro ikawaka.

"Tayari, fundi, iko wazi," akasema.

"Zima, mwanangu, kabla hujatuunguza," akajibu fundi.

Kijana hakukosea. Alitii alichosomewa, kwa Kiswahili alichonyonya kwa mama yake. Tungelikuwa tunasoma mezani tu, sentensi ile ingepita ikiwa na alama ya kusahihishwa vema.

Wala hatuwezi kumtupia mfasiri lawama zote. Yeye alifuata orodha za istilahi zinazozunguka maofisini, na mojawapo ya orodha hizo ilitoka katika dawati letu. Ndani yake dhana hizo mbili zimepangiwa "funga" na "fungua" bila maelezo, bila mfano, na bila tahadhari yoyote. Aliyeipanga orodha hiyo alilitazama neno la Kiingereza akalitafutia mwenzake, wala hakumtazama mtu aliyeshika swichi. Kosa hilo tunalikiri.

Pana walimu watakaosema kwamba "saketi funge" imekwisha kuzoeleka darasani na kwamba kuibadili kutaleta vurugu. Hoja hiyo ina uzito. Jibu letu ni kwamba maelezo ya dhana na agizo la mkono ni mambo mawili. Anayeeleza dhana kwa wanafunzi anaweza kuendelea kutumia istilahi yake, mradi aifafanue. Anayemwagiza mtu atende jambo hana budi kutumia kitenzi kisichoweza kueleweka kinyume. Swichi iwashwe au izimwe. Njia ya mkondo iunganishwe au ikatwe. Hapo hapana wa kupotea.

Ardhi isiyokuwapo

Tatizo la pili ni neno "ardhi". Katika nyumba neno hilo lina haki yake. Fimbo ya shaba hupigiliwa udongoni, na waya hutoka hapo hadi kwenye vifaa, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kupita katika mwili wa mtu. Pikipiki haina fimbo wala udongo. Imesimama juu ya matairi ya mpira, na mpira ni kihami. Chuma cha fremu hutumika kama njia ya kurudishia mkondo kwenye betri baada ya kuwasha taa au kupiga honi. Kazi ya waya wa nyumbani ni kinga ya mtu. Kazi ya waya wa pikipiki ni kukamilisha mzunguko. Rasimu imeziita zote mbili "waya wa ardhi". Kijana wa pili aliuliza, tena bila mzaha, waya huo ushuke mpaka wapi.

Mafundi wao husema "asi" au "bodi". Neno la kwanza limetoholewa kutoka Kiingereza na lina kasoro ile ile ya ardhi, mbali na kwamba Kiswahili kina "asi" nyingine yenye maana ya kukataa kutii. Neno la pili linataja kitu kinachoonekana na kuguswa, yaani mwili wa chuma wa chombo. Sisi tunaona kwamba mafundi wametutangulia, na kwamba "waya wa bodi" unafaa kupokewa.

Huenda msomaji akaona kwamba tunachagua neno kwa ladha tu. La hasha. Tutazame rangi za nyaya. Katika pikipiki za Honda waya wa kijani mtupu ndio waya wa bodi. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ni kitu kingine kabisa: huo huchukua mkondo kutoka swichi ya breki kwenda kwenye taa ya breki. Lakini katika nyumba waya wa kijani na njano ndio wa ardhi, na kila aliyejifunza umeme wa majumbani anaujua hivyo. Mfasiri, kwa kutaka lugha yake iwe na mwafaka mwanzo hadi mwisho, amezipa nyaya hizo mbili jina moja la ardhi. Mwanafunzi atakayemfuata ataufunga waya wa taa ya breki kwenye fremu. Mara dereva atakapokanyaga breki, mkondo utapita njia ya mkato na fyuzi itaungua. Na ikiwa mmiliki aliyetangulia aliiondoa fyuzi akaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama ilivyo desturi mbaya ya wengi, basi waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, chini ya tangi la petroli.

Mfano mwingine ni agizo la kuondoa betri. Rasimu inasema utolewe kwanza waya hasi. Kwa Honda agizo hilo ni sahihi, kwa kuwa upande hasi ndio uliofungwa kwenye fremu. Ukitangulia kuulegeza huo, spana ikigusa chuma hapatokei jambo. Lakini pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1960, zikiwamo za Triumph na BSA, ziliundwa kinyume: upande chanya ndio uliofungwa kwenye fremu, na waya wa bodi ulikuwa mwekundu. Anayetunza pikipiki ya namna hiyo akitii rasimu atakuwa anaondoa kwanza upande wenye hatari. Tukiandika "ondoa kwanza waya wa bodi", agizo linakuwa la kweli kwa zote mbili. Istilahi iliyotaja kazi ya kitu imebeba usalama. Iliyotaja rangi au alama imeuacha njiani.

Hatamu, risasi na kuchomelea

Makosa mengine yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Nyaya zote za pikipiki zikifungwa pamoja, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, Kiingereza huziita kwa neno ambalo pia ni la vifaa vya farasi. Mfasiri akaandika "hatamu ya nyaya". Fundi alicheka, kisha akasema kwamba yeye huita "wayaringi" yote kwa jumla, iwe ni nyaya zenyewe au kazi ya kuzipitisha. Hapa pana pengo la kweli. Tunapendekeza "tita la nyaya", kwa kuwa tita ni vitu virefu vilivyolazwa pamoja vikafungwa, na nyaya zinazochepuka kwenda kwenye honi au taa za pembeni ziitwe "matawi" ya tita hilo.

Aina moja ya kiunganishi cha zamani ina ncha ya mviringo inayosukumwa ndani ya kikopo chake. Kwa Kiingereza hufananishwa na risasi ya bunduki. Rasimu inakiita "kiunganishi cha risasi". Lakini risasi kwa Kiswahili ni zana ya bunduki na pia ni madini, na madini hayo yamo katika lehemu ya miaka mingi. Msomaji ataelewa kwamba anatakiwa kutafuta kiunganishi kilichotengenezwa kwa madini ya risasi, au kwamba mahali hapo pamelehemiwa. Mafundi husema "dume" na "jike", nasi hatuoni sababu ya kuwapinga: "kiunganishi cha ncha, dume na jike".

Tukiwa katika lehemu, rasimu inatumia "kuchomelea" kila mahali. Kuchomelea ni kuyeyusha vyuma vyenyewe vinavyounganishwa mpaka vishikane. Kulehemu ni kuyeyusha madini laini yaingie kati ya vitu ambavyo vyenyewe haviyeyuki. Anayeambiwa akachomelee waya atampelekea fundi wa mageti. Aidha, yafaa kijitabu kieleze kwamba waya uliolehemiwa huwa mkavu mahali lehemu inapoishia, na kwa mtikisiko wa injini hukatika hapo hapo. Ndiyo maana wengi hupendelea kubana kichwa cha waya kwa koleo maalumu. "Kubana" kunatosha kuwa istilahi ya tendo hilo.

Mwisho katika sehemu hii ni "saketi fupi". Urefu wa saketi si hoja. Hoja ni kwamba mkondo umepata njia ya mkato, haukupita katika taa wala honi. Watu wote husema "shoti". Iachwe shoti, na maelezo yake yawe njia ya mkato.

Kukinga maji

Tumeliweka mwisho jambo ambalo lilitufundisha zaidi. Sura ya kuhifadhi nyaya dhidi ya mvua ndiyo kiini cha kijitabu, na ndani yake neno kuu ni "kukinga maji". Kwa mfasiri maana yake ni kuzuia maji yasiingie. Lakini mwenye nyumba anapoweka pipa chini ya mchirizi wa paa, naye anakinga maji, yaani anayapokea na kuyakusanya. Kiunganishi kinachokinga maji chaweza basi kueleweka kuwa ni kile kinachoyateka maji ya mvua, jambo ambalo fundi hataki hata kuliota.

Utata huo wa neno unaendana na utata wa kazi yenyewe. Rasimu inamshauri msomaji azibe kila tundu na kuzungusha tepu tabaka juu ya tabaka. Fundi alilikataa shauri hilo tangu mwanzo. Alieleza kwamba unyevu hupata njia hata uzibe namna gani, kwa kuwa injini hupata moto mchana na kupoa usiku. Ukiisha kuingia na kukosa pa kutokea, hukaa humo na kuotesha kutu ya kijani juu ya shaba. Yeye huacha sehemu ya chini ya kifuniko iwe na upenyo, huukunja waya kidogo kuelekea chini kabla haujaingia katika kiunganishi ili maji yadondokee hapo, na huanza kuzungusha tepu kutoka chini kwenda juu. Alitoa mfano wa kuezeka makuti. Anayeezeka huanza ukingoni mwa paa na kupanda, ili kuti la juu lilalie la chini na mvua iteleze. Tepu iliyoanzia juu hufungua vinywa vyake kwa mvua.

Maelezo hayo yametufunza kwamba kuna dhana mbili ambazo rasimu imezichanganya, na kila moja inahitaji istilahi yake. Ipo "kuziba", ambapo kitu hakipenyi maji kabisa, kama neli ya mpira inayosinyaa kwa joto ikiwa na gundi ndani yake. Na ipo "kuepusha maji", ambapo maji yanaruhusiwa kufika lakini huongozwa yateremke na kutoka. Msomaji aambiwe ni mahali gani pa kuziba na mahali gani pa kuepusha. Aambiwe pia kwamba si kila kizibo ni rafiki wa shaba: silikoni ile yenye harufu ya siki inapokauka hutoa asidi inayoila shaba, na kwa hiyo haifai kwa viungo vya nyaya.

Mapendekezo

Yafuatayo ni mapendekezo tu, wala si maamuzi ya Baraza:

(a) Nyaya zote za chombo zilizofungwa pamoja: tita la nyaya, sehemu inayochepuka: tawi.
(b) Waya unaorudisha mkondo kupitia fremu au mwili wa chombo: waya wa bodi. "Waya wa ardhi" ubakie kwa majengo.
(c) Kuruhusu na kusimamisha mkondo kwa swichi: kuwasha, kuzima.
(d) Hali ya njia ya mkondo: saketi iliyoungana, saketi iliyokatika.
(e) Mkondo kupita njia ya mkato: shoti.
(f) Kuunganisha kwa madini laini yaliyoyeyushwa: kulehemu, kuunganisha kwa kuyeyusha chuma chenyewe: kuchomelea, kushika kichwa cha waya kwa koleo: kubana.
(g) Kiunganishi cha mviringo cha kusukuma: kiunganishi cha ncha, dume na jike.
(h) Kuzuia maji yasipenye kabisa: kuziba; kuyaongoza yatoke: kuepusha maji.
(i) Mpira unaokaza tundu la chuma ili ukingo wake usikate waya: pete ya mpira.

Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitufungulia mlango kwa kukusanya istilahi za sayansi. Lakini istilahi za darasani zikishuka karakanani hukutana na maneno ambayo yamekuwa yakifanya kazi huko kwa miaka mingi, na si kila mara mgeni ndiye mwenye haki. Watumishi wa istilahi tumezoea kupima neno kwa usahihi wake mbele ya Kiingereza na kwa uzuri wake mbele ya sarufi. Vipimo hivyo havitoshi. Neno la kazi lipimwe pia mbele ya mtu atakayelitii.

Kwa hiyo tunashauri kwamba mwongozo wowote wa ufundi usipigwe chapa kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya mafundi wawili au watatu wakiwa na kifaa chenyewe mikononi, na mfasiri awepo ili aone watakachokifanya. Gharama yake ni nusu siku. Wafasiri, walimu na maofisa watakaokuwa na maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza wanaombwa watuandikie, na hasa watueleze waliyasikia wapi na kwa kazi gani.

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri ikiwa na maelezo yetu. Pamoja nayo tumempelekea ile orodha yetu ya zamani, "funga" na "fungua" zikiwa zimekwisha kufutwa.